Nilimwogopa Mungu tangu utotoni, na bado nilipunja mizani. Huko ndiko kumcha?

Karani wa Mizani (Ndanda)

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Swali hili ninalo tangu msimu uliopita wa korosho na sasa limenilemea, naomba mnisomee mpaka mwisho.

Nimekulia upande wa Ndanda. Kengele za watawa Wabenediktini, walioko hapa tangu 1906, tunazisikia nyumbani upepo ukikaa vizuri. Baba alikuwa katekista, na kwetu Mungu alitajwa pamoja na fimbo ya mpera. Ukiiba embe, Mungu anakuona. Radi ikipiga, Mungu amekasirika. Ukisinzia kwenye rozari, utajua mwenyewe. Sikuwahi kulala bila ishara ya msalaba, kwa kuhofu kwamba nikifa usingizini atanikuta sijajikinga. Kwa hiyo mtu asiniambie sikuwa na hofu ya Mungu. Nilikuwa nayo mpaka kwenye mifupa.

Sasa, kazi yangu ni kushika mizani kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Mkulima analeta korosho zake, tunazimwaga kwenye turubai, tunaangalia kama zimekauka, hazina mawe wala vipande vya mabibo, tunazipanga daraja, zinarudi guniani, gunia linapanda mizani. Tunatoa kilo moja ya gunia lenyewe, nasoma namba kwa sauti, naandika stakabadhi. Msimu uliopita mkubwa mmoja pale aliniambia nitoe kilo tatu badala ya moja, eti ni unyaufu. Zile mbili za juu zilikusanyika mpaka zikawa gunia, na gunia likapewa jina la mtu asiye na hata mkorosho mmoja. Na mimi nilipewa changu.

Siku moja akaja mzee kipofu, ameshika bega la mjukuu wa miaka kama sita. Gunia lake lilikuwa moja tu. Mizani ilisoma 64. Nilitakiwa kutamka 63. Nikasema, "Sitini na moja, babu." Mzee akaweka kiganja juu ya gunia akalipapasa kutoka mdomoni mpaka chini, taratibu, kama mtu anavyompapasa mbuzi wake kabla ya kumwachia mnunuzi. Akasema, "Sitini na moja. Haya mwanangu, Mungu akubariki." Nikaandika 61. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Jioni ile nilisali rozari nzima, sikuruka tendo hata moja.

Kama kumcha Mungu ni kumwogopa, mbona nilimwogopa na bado nikafanya? Na kama si kumwogopa, ni nini? Yohana anasema pendo lililo kamili huitupa nje hofu (1 Yoh 4:18). Mithali inasema kumcha Bwana ni chanzo cha maarifa. Kule hofu inatupwa, huku inatafutwa. Nimeshindwa kuyaweka mahali pamoja.

Mlinzi wa Zamu (Mtwara mjini)

Ndugu, acha kutafuta maana ya maneno, tubu. "Ni jambo la kutisha kuanguka katika mikono ya Mungu aliye hai," Waebrania 10:31. Siku hizi tunahubiriwa kwamba Mungu ni rafiki tu, matokeo yake simu zinalia katikati ya sala na watu wanapokea hapohapo kwenye benchi. Hofu ikitoka, dhambi inaingia. Hukuogopa vya kutosha.

Mwana wa Masasi

Kaka Mlinzi, unalosema kuhusu simu nakubaliana nalo, linaniuma hata mimi. Lakini huyu ndugu ametuambia kwamba aliogopa sana, na tumwamini.

Mimi ni Mwanglikana, nyumbani ni Masasi. Misheni ya hapa ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, aliyefika na kundi la watu waliokombolewa utumwani, na katika ukoo wetu tunajihesabu kuwa uzao wao. Bibi yangu alikuwa na kauli aliyoirithi kwa wakubwa wake, kwamba mtumwa hulima mpaka pale macho ya msimamizi yanapoishia. Msimamizi akipinda kona, jembe linasimama.

Ndugu Karani, nadhani hofu uliyolelewa nayo ni hiyo. Wala sikulaumu, ndivyo ulivyofundishwa. Hofu ya mtumwa haina ugomvi na kosa, ugomvi wake ni na kiboko. Pale ghalani kiboko hakikuonekana, mkono ukawa mwepesi. Na jioni ulirudi kwenye rozari kumtuliza mwenye kiboko. Nisamehe kama nimesema kwa ukali.

Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo, alipokuwa akifafanua mstari huohuo wa Yohana alitoa mfano wa wake wawili. Mmoja ana hawara, anaogopa mumewe asije akarudi. Mwingine anampenda mumewe, anaogopa asije akaondoka. Ukiwauliza, wote watakujibu, "Naogopa." Hofu ya yule wa kwanza ndiyo inayotupwa nje. Ya huyu wa pili haitupwi, maana Zaburi ya 19 inasema, "Kicho cha BWANA ni kitakatifu, kinadumu milele."

Tazama na Kutoka 20:20. Mlima unatoa moshi, watu wamesimama mbali wanatetemeka. Musa anawaambia, "Msiogope," halafu bila kumeza mate anasema Mungu amekuja ili hofu yake iwe mbele yao, wasifanye dhambi. Kiswahili chetu kimeiwekea hofu hii ya pili neno lake: kucha, kicho, uchaji. Leo humsikii mtu akisema anamcha nyoka, wala anamcha polisi. Nyoka anaogopwa. Neno la kucha tumemwachia Mungu.

Mkunga Mstaafu (Nachingwea)

Wanangu, nimewasoma wote, na wewe Karani nimekusoma mara mbili.

Nimezalisha akina mama zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa kwenye zahanati zisizo na umeme. Taa ya chemli unaiweka juu ya kiti. Mkasi wa kukatia kitovu unauchemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Usiku wa manane mama amechoka, amefumba macho, ndugu wamelala nje kwenye kanga. Nani atajua kama mkasi umechemka dakika ishirini au umechemka tano? Mtoto akipata pepopunda wiki ya kwanza, watasema amelogwa, na mimi nitakwenda msibani nipewe kiti. Basi nilikuwa nasimama pale nayatazama yale maji yanavyotokota, vipovu vinapanda kwenye vidole vya mkasi, na nilijua kabisa kwamba chumbani kuna Mwingine. Sikutetemeka, wala sikutaka aondoke. Nilishindwa tu kulitoa lile sufuria kabla ya wakati wake mbele ya macho yake.

Ndiyo maana nawapenda Shifra na Pua, wale wakunga wa Kutoka sura ya kwanza. Farao amewaamuru waue kila mtoto wa kiume. Biblia haisemi walikuwa wanawake wenye nguvu. Inasema walimcha Mungu, wasifanye kama walivyoamriwa na mfalme. Ona basi, mwanangu: kumcha Mungu kuliwatoa hofu ya Farao. Wewe mkubwa wako alisema toa kilo tatu, ukatoa tatu. Hapo palikuwa na woga, ila sidhani ulikuwa wa Mungu.

Halafu fungua Walawi 19:14. "Usimlaani kiziwi, wala usitie kwazo mbele ya kipofu, bali umche Mungu wako." Nimejiuliza miaka mingi kwa nini neno hili limewekwa hapo, kwa kiziwi na kipofu. Kiziwi hasikii tusi lako. Kipofu akijikwaa hamjui aliyeliweka jiwe. Hakuna wa kukushitaki, hakuna shahidi, na hapohapo ndipo Mungu anajitaja. Mbele kidogo, sura ileile, anataja mizani ya haki. Nilipofika hapo nikakukumbuka wewe na mzee wako, nikalia.

Hukuuliza kuhusu msamaha, lakini nakuongezea. Zaburi 130:4: "Lakini kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe." Mtunga Zaburi hakusema kwako kuna fimbo. Nenda kwa yule mzee. Usimtume mtu, wala usitume kwa simu.

Karani wa Mizani (Ndanda)

Shikamoo mama. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kurudi mikono mitupu. Mwana wa Masasi, hukuwa mkali, umesema yaliyo kweli. Kaka Mlinzi, toba nimeanza kwa padre, na sasa naifuata huku nje.

Ijumaa nilikwenda. Nilimkuta mzee chini ya mkorosho, anabangua korosho walizochoma asubuhi, vidole vyeusi tii. Anaiweka korosho juu ya jiwe kwa kupapasa, anagonga mara moja, kokwa inatoka nzima. Nilivua ndala nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia namba zote: mizani ilisema sitini na nne, ilipaswa kuandikwa sitini na tatu, mimi nikasema sitini na moja. Nikamwekea mkononi shilingi elfu saba, ndiyo karibu na bei ya kilo mbili kwenye mnada wa korosho wa msimu ule. Akazipapasa noti, akamwita mjukuu. Mtoto akasema, "Elfu tano na elfu mbili, babu."

Mzee alinyamaza muda mrefu. Mama, pale sikuwaza radi wala fimbo. Niliogopa kitu kimoja tu, asije akanyanyuka akaingia ndani bila kuniambia neno.

Akasema, "Nilijua. Gunia langu nalijua kwa mkono. Nilinyamaza kwa kuwa uliniita babu."

Kisha akaniuliza, "Na wenzangu?"

Daftari la msimu ule ninalo. Nimehesabu majina mpaka usiku wa jana, yamefika 43, na pesa niliyopewa nilishaila, kwa hiyo nimeuza baiskeli na mbuzi wawili. Mkubwa nimemwambia kwamba msimu huu nikishika mizani nitatoa kilo moja ya gunia, haizidi. Akasema tutaonana.

Jumatatu naanza na mama wa nyumba ya pili kutoka kwa mzee. Magunia yake yalikuwa manne.