Naomba ushauri: niendelee na blogu kwa jina langu au nijifiche?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tukuyu, mkoani Mbeya, nimeajiriwa, na nikitoka kazini naandika blogu yangu ndogo: bei za viazi Uyole, parachichi, ndizi zinazopakiwa Kiwira, siku nyingine kupanda Ngosi.

Faida nimeiona. Mnunuzi mmoja wa parachichi alinipata kupitia makala ya zamani, nikamuunganisha na wakulima wa huku. Facebook posti inazama siku hiyohiyo. Blogu mtu anaitafuta hata mwakani na anaikuta.

Shida ni kwamba huku tunajuana mno. Niliandika jinsi dalali anavyowapunja watu kwa lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo), sikutaja jina, lakini kijiweni walishamtambua kabla chai haijapoa. Mama watoto anasema kwamba hata mwajiri wangu anaisoma blogu. (Picha za watoto alishapiga marufuku, na hapo sibishani.)

Halafu kuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2015. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 nazo ziliwataka wanablogu wakate leseni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), milioni moja kwa mwaka, ukiacha ada ya maombi. Zimebadilishwa 2020 na 2022. Aliyefuatilia anisaidie: blogu binafsi isiyo ya habari wala matangazo, leo inahitaji leseni?

Na jina la bandia linasaidia kweli, ikiwa kila mtu anaijua barabara iliyopo pichani? Wa kusema "achana nayo" pia karibuni, ila mtoe sababu.