Tupeane uzoefu: kufungua na kurudisha bampa ya plastiki kwenye gari la zamani hapa Malindi

Mwanzilishi wa mada, Malindi

Assalamu alaykum, na wengine nawasalimu pia. Nimeanzisha mada hii kwa sababu magari mengi tunayoyaendesha huku yamekaa pwani miaka mingi, na bampa zake zimekwisha kupigwa na jua na chumvi kiasi kwamba maelekezo yanayoandikwa kwa ajili ya gari jipya hayatufai sana. Naomba kila aliyewahi kufungua bampa kwa mkono wake, au aliyesimama karibu na fundi akiifungua, aeleze yaliyomsaidia na yaliyomkwamisha, na ataje aina ya gari.

Naanza na langu. Ni Corolla ya mwishoni mwa miaka ya 1990, na bampa ya mbele niliifungua ili fundi wa bodi aweze kuufikia ukanda wa chuma ulio nyuma yake, uliokuwa umepinda. Sehemu ya juu, chini ya boneti, haikunipa taabu. Kazi ilikuwa pembeni, ndani ya upinde wa fenda, ambako kuna skrubu iliyo mahali pale pale tairi linapotupia maji ya mvua na mchanga. Nilizungusha usukani hadi mwisho ili mkono upate nafasi, nikaisugua skrubu kwa brashi ya waya mpaka msalaba wa kichwa chake ukaonekana, nikainyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni na kuiacha mpaka asubuhi. Skrubu ya namna hii haizungushwi kwa haraka: bisibisi lazima ienee msalaba wote na isukumwe kwa nguvu kuliko inavyozungushwa, kwa sababu kichwa kikishalika hakuna njia nyingine ila koleo la kubana au kuitoboa kwa drili.

Fundi wa bodi, Majengo

Mwanzilishi amegusa skrubu, nami nitasema juu ya pembe za bampa, kwa maana hapo ndipo watu wengi huivunja. Baada ya skrubu zote kutoka, gamba, yaani plastiki ya nje ya bampa, bado limeng'ang'ania kwenye kipande cha plastiki kilichofungwa chini ya ukingo wa fenda, na kipande hicho kina meno. Mtu akisimama mbele ya gari na kuivuta bampa kuja kwake, meno yanakatika. Pembe huvutwa kwanza kuelekea nje, yaani kando ya gari, pole pole, jino moja baada ya jingine kuanzia kwenye upinde wa tairi. Pande zote mbili zikishaachia ndipo bampa nzima ivutwe mbele. Bandika mkanda wa karatasi kwenye ukingo wa fenda kabla hujaanza, la sivyo rangi itachunika, na uwe na mtu wa pili wa kushika upande mwingine, hata kama gari ni dogo.

Klipu, yaani vile vifungo vya plastiki vinavyoshikilia bampa, nazo haziko za aina moja. Zipo ambazo pini ya katikati huinuliwa kwa ncha ya bisibisi bapa, na zipo ambazo pini hiyo husukumwa ndani kidogo ndipo klipu iachie. Atumiaye nguvu bila kutazama huzivunja zote mbili. Plastiki iliyozeeka hukauka na kuwa ngumu, kwa hivyo mimi hupendelea kuifanya kazi hii mchana gari likiwa limepata joto, au kumwagia maji ya moto kwenye pembe, ili plastiki ilainike kidogo.

Gari lenye taa za ukungu lina waya zinazoingia kwenye bampa, na ni lazima soketi zake zichomolewe kabla gamba halijaondoka mbali. Kama gari lina mifuko ya hewa, toeni waya wa hasi wa betri na msubiri kidogo, kwani baadhi ya magari yana vihisi vya kugongwa huko mbele. Tena msishangae mkikuta gari la zamani ambalo gamba na chuma vimeshikana: hilo hutolewa kwa nati zilizo nyuma, na uzito wake si wa mtu mmoja.

Dereva, Mambrui

Langu ni Toyota Probox. Kila kitu alichokieleza fundi ni sahihi. Nyongeza yangu ni kwamba skrubu zipangwe juu ya kadibodi kwa namna zilivyokaa kwenye gari, maana ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kutoboa kilicho nyuma yake.

Mama mwenye gari, Watamu

Langu ni Nissan ndogo, na iliyotolewa ni bampa ya nyuma. Skrubu nyingine zilikuwa zimefichwa nyuma ya taa, ikabidi taa zitolewe kwanza. Iliporudishwa, ilibaki nafasi upande wa kulia inayoingia kidole, na upande wa kushoto hakuna nafasi kabisa. Je, ni bampa imepinda?

Fundi wa bodi, Majengo

Dada, mara nyingi si bampa. Ama kile kipande cha pembeni kimekaa vibaya, ama chuma cha ndani kilisukumwa na mgongano wa zamani, au bolti za upande mmoja zilikazwa mapema. Gamba hurudishwa kwa kuingiza meno ya pembeni kwanza pande zote, kisha bolti zote zishikwe bila kukazwa, ukitazama nafasi kati yake na taa na fenda, na kukaza kuje mwisho kabisa. Mpatie fundi wako nafasi ya kulegeza upya kabla hujakubali kununua nyingine.

Dereva wa lori, barabara ya Garsen

Kuhusu nyufa za bampa, mimi hushona kwa waya na safari inaendelea. Sioni haja ya mapambo kwenye gari la kazi.

Mwanzilishi wa mada, Malindi

Kushona sikupingi, lakini waya wa kawaida huliwa na kutu upesi kwa hewa ya bahari na kuacha alama ya hudhurungi kwenye rangi. Tai za plastiki nyeusi, zile za kufungia waya, hudumu zaidi. Tazameni nyuma ya gamba: bampa nyingi zimeandikwa PP, yaani polipropilini, na plastiki hiyo haishikwi na gundi ya kawaida, ndiyo maana ufa uliogundishwa hufunguka tena. Huungwa kwa joto na ujiti wa plastiki ya aina ile ile, na rangi yake huhitaji kwanza kupakwa praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi ya kuishikisha.

Dereva, Mambrui

Na klipu zilizovunjika, mnaweka nini?

Fundi wa bodi, Majengo

Pima upana wa tundu, kisha uende dukani na klipu moja nzima ya kulinganisha. Skrubu ya mbao usiiweke hapo. Klipu huachia gari likiguswa, ilhali skrubu hushikilia mpaka sikio la bampa, yaani kile kibanzi chenye tundu la kufungia, lichanike, na sikio hilo ndilo gumu kuliko yote kulitengeneza.