Bunduki ya Babu

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Kibali cha bunduki ya babu kimetoka, sasa iko kwa jina langu. Jirani kanipa boksi la risasi za geji 12, yaani upana uleule wa mtutu. Nimejaribu moja kwenye chemba, pale risasi inapokaa, imeingia bila shida 👌

Baba Mdogo: Marahaba. Itoe.

Hamisi: Nimetoa. Kwani si geji ni ileile?

Baba Mdogo: Boksi limeandikwa milimita ngapi?

Hamisi: 70

Baba Mdogo: Hiyo 70 ni urefu wa ganda likishapigwa, mdomo ukiwa umefunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, ndiyo maana linaingia hata kwenye chemba ya 65. Ukifyatua, mdomo unafungukia pembamba, marisau, vile vigololi vya ndani, yanabanwa, shinikizo linapanda.

Zena: 😳

Shangazi Mwajuma: Tangu msibani nilisema itundikwe ukutani.

Baba Mdogo: Ngoja kwanza dada. Hamisi, chomoa mitutu, piga picha ile mihuri ya chini.

Hamisi: [picha] Kuna vitaji na maneno NOT FOR BALL

Baba Mdogo: Eeh! Muhuri huo Waingereza waliupiga kati ya 1875 na 1887. Mtutu umebana mdomoni, kwa hiyo usipitishe gololi moja nzima, marisau tu.

Zena: Basi si za Hamisi ni marisau? Poa tu.

Baba Mdogo: Poa wapi. Muhuri wa baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za siku hizi, umekuja 1896. Hii ilipimwa kwa baruti nyeusi. Labda kama ilirudishwa kupimwa upya; angalia kama kuna NITRO PROOF.

Hamisi: Nimemulika na tochi kote. Hamna.

Idi: Lakini babu si alipiga miaka yote na haikupasuka?

Baba Mdogo: Mkoba wake nilibeba mimi. Hiyo alikuwa anaijazia mwenyewe maganda ya shaba, baruti nyeusi. Za dukani zilikuwa za ile bunduki nyingine, iliyouzwa.

Idi: Basi atafute zile nyepesi zisizopiga bega.

Baba Mdogo: Bega halipimi shinikizo, Idi. Risasi inaweza kukusukuma bega kidogo tu na chemba ikaumia. Hamisi, marisau ya humo ni ya madini ya risasi au ya chuma?

Hamisi: Boksi linasema chuma

Baba Mdogo: 🤦🏾‍♂️ Chuma kwenye mtutu wa zamani uliobana mdomoni! Rudisha boksi leo.

Hamisi: Sawa baba. Halafu mitutu ina mistarimistari kama mbao, ni kutu?

Baba Mdogo: Hapana, ni chuma na feleji vilivyosokotwa pamoja vikafuliwa. Uzuri wa nje usikudanganye, kutu ikila ndani mtutu unabaki mwembamba. Mpelekee fundi bunduki apime unene, urefu wa chemba, na kama bawaba imelegea. Akisema inafaa, akuandikie risasi ya aina gani. Asipoandika, usipige.

Hamisi: Nampelekea Jumanne. Boksi nimesharudisha.

Shangazi Mwajuma: Juu ya saa pana nafasi. Nimeshapima.