Tunalipia uangalizi wa sava saa 24, huduma imekufa saa 54, na aliyetupa taarifa ni fundi cherehani

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Na wasimamizi msiupeleke jukwaa la vichekesho, kwa sababu unachekesha kama hayajakukuta wewe.

Mimi ndiye mtu wa mifumo kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo huku mkoani. Mtu wa mifumo maana yake printa ikikwama naitwa mimi, sava, yaani kompyuta kuu inayoendesha mfumo wetu, ikizima naitwa mimi, na birika la chai likigoma naitwa mimi pia. Kwa kuwa niko peke yangu na usiku nalala kama watu wengine, mwaka jana niliwashawishi viongozi tuchukue kampuni ya nje ituangalizie sava. Jina lao siliweki hapa. Mkataba unasema saa 24, siku 7 za wiki. Tunalipa kila mwezi, na ankara yao haijawahi kuchelewa hata siku moja. Nadhani hiyo ndiyo huduma yao pekee isiyokufa.

Sasa sikieni.

Wanachama wetu wanarejesha mikopo kwa simu. Mtu akituma hela, taarifa ya muamala inaingia kwenye sava yetu na kukaa kwenye foleni. Kuna programu ndogo inayoishi chinichini, haina skrini, haina kitufe, hakuna mwanachama anayejua kama ipo. Kazi yake ni kuchukua miamala mmoja mmoja kutoka kwenye foleni na kuiandika kwenye akaunti ya mhusika. Ofisini tunaiita "karani". Karani akiwa mzima, rejesho linaonekana ndani ya sekunde chache. Karani akifa, hela inaendelea kuingia, foleni inarefuka, na mengine yote yanakwenda kama kawaida: tovuti inafunguka, wafanyakazi wanaingia kwenye mfumo, ripoti zinachapika. Huduma za chinichini ndivyo zilivyo, zinakufa kimya kimya.

Karani alikufa usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 31, saa nane na dakika 14. Tarehe 31, wakuu! Siku ambayo nusu ya mji inakumbuka kwamba ina mkopo.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi tunafungua tu, mama mmoja fundi cherehani yuko dirishani. Futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, kaacha nguo ya mtu mezani. Anapitisha simu yake ya vitufe chini ya kioo cha kaunta. "Mwanangu, hela nimetuma tangu Jumamosi asubuhi, meseji hii hapa. Sasa hii faini ya nini?" Naisoma: ni kweli, muamala upo, kiasi kiko sawasawa. Nafungua akaunti yake: rejesho hakuna, faini ipo. Nainua macho, nyuma yake watu wamefika hadi mlangoni, kila mmoja kashika simu mkononi.

Faini imetoka wapi? Hapo ndipo utajua mitambo haina aibu. Programu ya kukokotoa faini inaishi kwenye sava hiyo hiyo, inaamka tarehe mosi saa sita na nusu usiku, na yenyewe ilikuwa na afya tele. Ikaamka, ikahesabu, ikakuta watu 214 "hawajalipa", ikawatwanga faini, halafu ikawatumia meseji za onyo zinazoanza na "Ndugu mwanachama". Wa kupokea hela kafa, wa kutoza faini yuko kazini.

Nikaingia kwenye sava, nikaandika systemctl --failed, amri ya kuorodhesha huduma zilizoanguka. Ukatokea mstari mmoja tu, jina la karani. Nikamwasha. Ilikuwa saa mbili na dakika 40. Kabla sijamaliza kumwomba radhi yule mama, foleni ilikuwa imeanza kupungua. Saa 54 na dakika 26 za maafa, dawa yake amri ya mstari mmoja ambayo hata mwanafunzi wa mazoezi angeweza kuipiga. Ila ni lazima kwanza mtu aambiwe.

Nikawapigia waangalizi wetu. Kijana wa zamu akanijibu kwa upole kabisa: "Mkuu, mbona huku kwetu sava yako iko kijani?" Na akanitumia picha ya dashibodi, ile skrini yao inayoonesha hali ya sava. Kweli, kijani kibichi. Upatikanaji asilimia 100. Nikamuuliza, hicho kijani mnakipata kwa kuangalia nini? Kigugumizi. Akaniunganisha na mwingine, naye akaniunganisha na mwingine, mpaka wa nne akatapika ukweli: wanapiga pingi kila baada ya dakika 5. Basi. Hakuna kingine.

Kwa wasio wa fani: pingi ni kubisha hodi na kuitikiwa "karibu". Anayeitikia ni kiini cha mfumo endeshi chenyewe. Unaweza kuua kila programu yenye faida kwako kwenye mashine ile na pingi ikaendelea kujibiwa bila tatizo. Ni sawa na mlinzi anayemulika tochi ukutani, anaona nyumba bado imesimama, anarudi kulala. Ndani mmeshaibiwa mpaka masufuria.

Halafu wakaleta ubishi kwamba logi, yaani kumbukumbu za matukio ya sava, inaonesha huduma ilikufa Ijumaa saa tano na dakika 14 usiku, kwa hiyo eti mimi ndiye ninayekosea muda. Sava yetu inaandika saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Ongeza tatu. Mtu anauza uangalizi wa sava Afrika Mashariki na hajui kuongeza tatu.

Chanzo nimekichimba mwenyewe. Usiku ule masasisho ya usalama yalijisakinisha, databezi, yaani hifadhi ya kumbukumbu za akaunti, ikazimwa na kuwashwa, ikachukua kama nusu dakika hivi. Karani akaitafuta databezi, akaikosa, akaanguka. systemd, msimamizi wa huduma kwenye sava ya Linux, ikamwinua, akaanguka tena. Sasa, usipoigusa mipangilio yake, systemd inasubiri milisekunde 100 tu kabla ya kuinua tena, na huduma ikishawashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, inanawa mikono: inaiandika kuwa imeshindwa na haiigusi tena mpaka aje mtu. Databezi bado inapiga miayo, karani kashamaliza nafasi zake zote tano. Databezi ilipokaa sawa, hakukuwa na wa kumwamsha.

Hapo kosa ni langu na nalikiri mbele yenu. Faili la huduma niliandika mimi. Niliweka Restart=on-failure (akianguka ainuliwe) nikajiona nimemaliza, RestartSec (muda wa kusubiri kabla ya kumwinua) sikuigusa. Sasa nimeipa sekunde 30, na StartLimitIntervalSec, ile sheria ya kuhesabu mara alizowashwa, nimeiweka 0 ili asikatiwe tamaa tena. Lakini jamani, mlinzi anaajiriwa kwa sababu kuna siku mwenye nyumba atasahau kufunga mlango. Kama nisingekuwa mtu wa kusahau, ningemlipa wa nini?

Na msidhani hawakuambiwa. Mwezi wa kwanza wa mkataba niliwatumia orodha ya huduma sita za kuangalia, karani akiwa wa kwanza. Barua pepe ninayo. Ilikwenda kwa fundi wao mmoja, fundi akaacha kazi, orodha ikaondoka naye.

Tulichokuwa tunapata badala yake ni tahadhari ya diski. Diski ikifika asilimia 80, meseji kila saa, mchana na usiku, wiki tatu mfululizo, kwa diski ambayo ina nafasi ya kutosha miezi mingi. Mwisho nikalizima sauti kundi lao, na wenzangu wote walikuwa wameshalizima kabla yangu. Tahadhari inayolia kila saa haina tofauti na saa ya ukutani. Hata wangetuma ya karani usiku ule, sina hakika kama ningeiona, na hilo nalo nawadai wao.

Mwezi Machi tuliwahi kupata dalili na sikuizingatia. Karani alikuwa hai, ukiuliza mfumo unakuambia yuko kazini, kumbe muunganisho wake na databezi umeganda, kakodoa macho tu. Saa tatu nzima hakuna muamala ulioandikwa. Kwa hiyo hata kuuliza "programu ipo?" hakutoshi. Swali la maana ni hili: muamala wa zamani kuliko yote uliobaki kwenye foleni umekaa muda gani? Ukizidi dakika 10, piga simu, usitume barua pepe. Swali hilo linamnasa karani aliyekufa, aliyeganda, na hata aliyezimwa kwa makusudi na mtu aliyesahau kumwasha.

Na kingine, huduma yenyewe iwe inatoa sauti kwamba iko hai, na anayesikiliza akae nje ya hiyo sava. Nilikokulia kulikuwa na ghala la pamba, mlinzi wake mzee mmoja aligonga rimu ya lori kila saa, usiku kucha. Hakuna aliyeamka kwa sababu ya mlio. Siku rimu ilipokaa kimya, wazee walitoka na tochi na mapanga. Mzee yule hakuwa na dashibodi. Kwa karani, ni mstari mmoja tu wa maelekezo ndani ya programu: kila akimaliza mzunguko anagonga anwani fulani nje, asipogonga kwa dakika 5, king'ora kinalia.

Si mambo ya kigeni haya. Programu za uangalizi zipo zamani: Nagios ipo tangu 1999, wakati ule ikiitwa NetSaint. Zabbix ipo, Monit ipo, zote unazipata bila kulipa leseni. Tunacholipia ni mtu wa kuzipanga na wa kuamka usiku. Sasa jibu lao rasmi nililopata jana ni kwamba kuangalia huduma za ndani kuko kwenye kifurushi cha juu, bei mara mbili, na kwamba ahadi yao ya asilimia 99.9 haijavunjwa kwa kuwa "sava ilikuwa hewani". Asilimia 99.9 ya mwezi wa siku 30 inaruhusu kukosekana dakika 43. Sisi tumekosa siku mbili na robo.

Faini 214 tumezifuta moja moja mimi na mhasibu, maana kila moja inahitaji idhini, mpaka saa nne usiku. Yule mama nilimpigia mwenyewe. Akasema ahsante mwanangu, halafu akauliza kama mwezi ujao aje alipe mkononi tu.

NYONGEZA, Jumatano mchana: Asubuhi wamenipigia kusema wamesharekebisha, sasa wanamwangalia karani "bila malipo kwa mwezi wa majaribio". Nikashukuru, nikakata simu, nikamzima karani kwa makusudi saa nne kamili. Saa nne na dakika 5 simu yangu ikalia. Ni king'ora changu, skripti, yaani programu fupi, niliyoandika Jumatatu usiku na kuiweka kwenye mashine nyingine. Nikasubiri hadi saa nne na nusu. Dashibodi yao kijani, simu yao haijaja. Nikamwasha mwenyewe.

Sasa wakuu, hasa wanasheria na mliowahi kupita njia hii: mkataba umebaki miezi saba na una kipengele cha kulipa yote ukivunja katikati. Barua ninazo, picha za dashibodi ninazo, logi ninazo. Naanzia wapi?