Mjadala: Je, jeshi linalonunua vifaru leo linatupa fedha?

Mleta mada

Mwaka 2020 Jenerali David Berger, mkuu wa Marines (wanajeshi wa majini) wa Marekani wakati huo, aliamua kuviondoa vifaru vyote katika jeshi lake na kushusha betri (vikosi) za mizinga kutoka 21 hadi 5, ili fedha ziende kwenye makombora ya masafa marefu na droni. Miaka miwili baadaye Poland ikasaini mkataba wa vifaru 250 vya Abrams kutoka Marekani, kisha 180 vya K2 kutoka Korea Kusini. Nani kasoma vita vya sasa sawasawa? Naomba hoja, siyo ushabiki wa Urusi na Ukraine.

Fundi Mota

Bei peke yake inatosha kujibu. Chukua droni ya FPV, ile ambayo rubani wake anavaa miwani ya video na kuiongoza mpaka igonge. Ina fremu ya kaboni ya inchi 7 au 10, mota nne, betri ya lithiamu, kamera ndogo, kisambaza video cha 5.8 GHz na kipokea amri. Chini yake kinafungwa kichwa cha bomu la RPG-7, ile silaha ya begani ya kupiga vifaru. Kule Ukraine inagharimu takriban dola 400 hadi 500, wakati kifaru kipya ni mamilioni.

Rubani hahangaiki na chuma kinene cha mbele. Anatafuta paa, kifuniko cha injini, au mwanya pale kichwa kinachozunguka na mzinga kinapokutana na bodi. Kwenye T-72, kifaru kilichoundwa Urusi, makombora 22 yamepangwa kwa duara sakafuni, chini ya kamanda na mpigaji. Moto ukifika pale, kichwa chote cha kifaru kinang'oka na kuruka. Abrams, ambazo zinatunza makombora nyuma ya milango ya chuma, zilipelekwa Ukraine 31, na Aprili 2024 maofisa wa Marekani wakasema zimerudishwa nyuma ya mstari wa mbele kwa sababu ya droni.

Deraya

Mkuu Fundi Mota, umehesabu droni iliyogonga. Zile zisizofika umeziacha nje. Droni ikishuka karibu na ardhi, kilima au miti inakaa kati yake na antena ya rubani, picha inakatika, na hizo ndizo sekunde zenye kazi yenyewe. Baridi ya Januari inapunguza nguvu ya betri. Ukungu na mvua vinaifumba kamera. Hata kiwashio kina shida zake: droni nyingi hutumia nyaya mbili zilizochomoza mbele ambazo zikigusana bomu linalipuka. Zikipinda wakati wa kuruka, linawalipukia wenyewe. Ndiyo maana kifaru kimoja kinaweza kupigwa na droni nyingi mfululizo, na bado askari wake wakatoka kwa miguu.

Tena maneno haya si mapya. Tarehe 8 Oktoba 1973, Sinai, Israel ilipeleka vifaru bila askari wa miguu wala mizinga ya kutosha, vikakutana na Wamisri wenye Sagger, makombora ya kupiga vifaru, na RPG-7. Hasara ilikuwa kubwa na wengi wakakitangaza kifaru kuwa maiti. Lakini Sagger huchukua kama sekunde 25 kufika kilomita 3, na muda wote huo mrushaji lazima aliongoze kwa mkono. Waisraeli wakaanza kumpiga mrushaji kwa mizinga, mortar na bunduki za rashasha. Usiku wa kuamkia tarehe 16 walikuwa wanavuka Mfereji wa Suez. Kifaru kilikuwa kile kile, wenzake wa kufuatana nacho ndio waliokuwa wamekosekana.

Juni 2023 kule Zaporizhzhia ni hivyo hivyo. Vifaru vya Leopard na magari ya deraya ya Bradley ya Ukraine vilikwamishwa kwanza na mabomu ya kutegwa ardhini, ndipo helikopta za Ka-52 na mizinga ya Urusi vikamalizia.

Mawimbi

Nyote mnabishana juu ya chombo, ilhali kinachoamua ni kasi ya jeshi kubadilika. Mfano ni vita vya mawimbi. Upande mmoja unaweka juu ya kifaru kivurugaji kinachoziba masafa fulani ya redio. Baada ya wiki chache upande wa pili unahamisha mawasiliano yake kwenye masafa mengine, na kivurugaji kinabaki mzigo. Nchi ambayo lazima ipitishe zabuni ya miaka mitatu kubadilisha kisambaza video kimoja itakuwa imeshindwa kabla droni haijaruka.

Tangu 2024 Warusi wameeneza droni zinazoongozwa kwa uzi wa faiba unaobeba amri na picha badala ya redio. Kivurugaji hakizigusi kabisa, na picha haikatiki hata droni ikiwa chini ya mti. Ila zina gharama yake: bobini ya uzi wa kilomita 10 ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na uzito huo unakatwa kwenye bomu au kwenye muda wa kuruka. Uzi unanasa matawini. Rubani akigeuka ghafla, unakatika. Pamoja na hayo, mapema 2025 ziliifanya barabara ya Sudzha, njia ya chakula na risasi ya Waukraine waliokuwa Kursk, ndani ya Urusi, kuwa makaburi ya magari. Leo barabara zinafunikwa kwa nyavu kilomita baada ya kilomita, na vigari visivyo na dereva vinabeba maji na majeruhi.

Ukraine ilijibu kwa muundo kabla ya silaha. Mwaka 2024 iliunda tawi zima la jeshi kwa vyombo visivyo na rubani. Vikosi vinapewa pointi kwa mapigo yaliyothibitishwa kwa video, na pointi hizo zinanunua droni zaidi. Karakana ziko karibu na mstari wa mbele, anayelehemu waya anazungumza na anayerusha siku hiyo hiyo. Hapo ndipo ningetafuta jibu la mleta mada.

Mleta mada

Shukrani, Mawimbi. Na jeshi lenye bajeti ndogo, la ukanda wetu? Ethiopia ilitumia Bayraktar TB2, droni kubwa za Uturuki, mwaka 2021.

Mawimbi

TB2 inahitaji uwanja wa ndege, kituo cha ardhini na mafundi, na haiponi ikikutana na kinga ya anga iliyo macho. Ethiopia iliitumia dhidi ya mpinzani asiye na kinga ya kutosha. FPV ni rahisi, lakini mota, betri na kamera nyingi zinatoka China, na tangu Septemba 2023 China imeweka vibali vya kuuza nje baadhi ya droni na vipuri vyake. Anayeanza ajaze bohari ya vipuri na kufungua shule ya marubani kwanza. Droni elfu moja zilizokaa kwenye makasha miaka miwili zitatoka na betri zilizochoka na masafa ambayo adui ameshayajua.

Fundi Mota

Hapo nakubali. Lakini Deraya hajajibu kitu kimoja. Vifaru vya pande zote mbili sasa vinajificha msituni na kurusha kwa kuinua mzinga, hadi kilomita 10 hivi. Kama kazi ni hiyo, Caesar, mzinga wa Kifaransa wa magurudumu, ina tani 18 na inafika kilomita 40. Kifaru cha nini?

Deraya

Kwa kazi hiyo, Caesar ni bora, sibishi. Lakini ukitaka kulitoa handaki mikononi mwa adui, lazima mtu afike pale akiwa mzima. Gari jepesi linasimamishwa na vipande vya bomu la mzinga, pikipiki inasimamishwa na rashasha. Ningenunua vifaru vichache kuliko Poland, na kila kimoja kiende na kinga inayolipua kombora kabla halijagusa chuma, kama Trophy ambayo vifaru vya Merkava vya Israel vimeitumia vitani tangu 2011, iliyoboreshwa ione na vinavyoshuka kutoka juu. Kiende pia na gari la kutegua mabomu na kikosi chake cha droni. Bila hivyo vitatu, heri kibaki kambini.