Stika ya ndege na picha ya Hillsborough kwa grupu ya mpira, mpaka uko wapi?

DamuNyekundu_Umoja
Wazee na madada habari za jioni. Nataka maoni yenu juu hii kitu imenikaa kwa roho vibaya. Kuna grupu ya WhatsApp tulianzisha na majirani hapa Umoja ndio tuwe tunaambiana mechi inaonyeshwa wapi na nani atanunulia nani chai timu yake ikipigwa, na ni grupu tamu sana, Man U, Liva (Liverpool), Gunners (Arsenal), Chelsea wote wako ndani na kuchomana ni kila siku. Ile saba bila sisi Man U tulikula kwa Liva pale Anfield mwezi wa tatu 2023 mpaka leo naamshwa nayo asubuhi, hiyo nabeba, hiyo ni mpira.

Sasa juzi kijana mmoja wa Liva akatuma stika ya ndege inaanguka, kucheka ile ajali ya Man U ya Munich, chini ameandika "safari njema". Hata dakika haijaisha wasee wawili wa Man U wakajibu na picha ya mashabiki wa Liva wamefinywa kwa waya pale uwanja wa Hillsborough siku wengi walikufa, na emoji za kucheka. Nikafunga grupu, admin peke yake ndio anaandika. Toka hapo naingiliwa inbox ati nimejifanya polisi, ati hao watu walikufa kabla hatujazaliwa na ni wazungu, inatuhusu nini watu wa Nairobi.

Kwani nimechukulia hii kitu kwa uzito sana? Na nikifungua niweke sheria gani bila kuua utani? Mimi ni Man U toka utotoni lakini ile picha ya Hillsborough iliniuma kuliko ndege, juu ndege ilitoka kwa mpinzani na ile picha ilitoka kwa watu wangu.

Anfield_Kayole
Mimi ni Liva na nasema ulifanya poa kufunga, na huyo kijana wetu wa stika aambiwe ukweli bila kubembelezwa. Ndege ya Munich ilianguka 6 Februari 1958, United wakitoka Belgrade kucheza na Red Star, timu ya huko, walikuwa wamesimama Munich, Ujerumani, kuweka mafuta na rubani alijaribu kuruka mara ya tatu kwa theluji iliyoyeyuka pale ranwei. Watu 23 walikufa, 8 wakiwa wachezaji. Duncan Edwards alipigania maisha hospitalini siku 15 ndio akaenda, miaka 21 tu. Na huyo kijana ajue kocha aliyekuwa ndani ya hiyo ndege, Matt Busby, alikuwa ameichezea Liverpool. Na Frank Swift aliyekufa hapo alikuwa golikipa wa Man City zamani, alikuwa amesafiri kama mwandishi wa habari. Kwa hivyo ukicheka hiyo ndege unacheka mpaka watu wa City, mpaka mtu wetu.

Hillsborough nayo mimi hunishinda kuongelea. 15 Aprili 1989, nusu fainali ya FA Cup na Nottingham Forest kule Sheffield, mechi ilisimamishwa baada ya dakika 6 tu juu watu walikuwa wanafinywa kwa ua mbele ya macho ya kila mtu. Waliokufa ni 97 ukihesabu yule aliyefariki 2021 kwa majeraha ya siku hiyo. Mdogo wao alikuwa na miaka 10, binamu ya Steven Gerrard. Halafu gazeti likaandika ati mashabiki ndio walijiletea, familia zikapigana na huo uongo miaka 27 mpaka 2016 ndio mahakama ya uchunguzi wa vifo ikasema waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na makosa. Sasa mtu akituma ile picha na emoji anarudisha ule uongo, hata kama hajui.

Mtani_Halisi
Nitawapinga kidogo msinikasirikie. Mamangu ni wa Morogoro na kule watani wanaruhusiwa kuleta mzaha hata msibani, watu wanalia huku mtani anacheza akiiga vile marehemu alikuwa anatembea, na hakuna wa kumkasirikia. Kwa hivyo hii maneno ya kusema kifo hakiguswi si lazima iwe desturi yetu, inaweza kuwa ni ya Uingereza. Mpira bila kuumizana ni mpira gani? Leo mnafuta ndege, kesho mtafuta saba bila.

Ingwe_wa_Zamani
Kijana yangu Mtani, huyo mtani wa mamako umemtaja nusu. Kabla acheze msibani amechimba kaburi, ameosha maiti, amebeba, amelala hapo nje kwa baridi na wafiwa. Mzaha ameulipia kwa jasho. Wewe mwenye kutuma stika ukiwa kwa kiti Umoja umebeba nini?

Na nyinyi mnaosema ni mambo ya wazungu, mimi ni Leopards toka enzi tukiitwa Abaluhya na nilikuwa uwanja wa Nyayo tarehe 23 Oktoba 2010, derby ya Mashemeji, sisi AFC Leopards na Gor Mahia. Watu 7 walikufa kwa mkanyagano pale getini. Sikuona wakifa, niliona viatu. Viatu vya mguu mmoja mmoja vimejaa pale lami, raba, akala, kiatu cha mwanamke kimekatika kamba, na askari mmoja anavikusanya akivipanga kwa ukuta kama mtu atarudi kuvichukua. Skafu ya kijani ya Gor ilikuwa imekanyagwa hapo chini nikaiokota nikaifunga kwa geti. Hakuna mtu wa Ingwe, yaani Leopards, aliniuliza mbona nashika kitu ya K'Ogalo, yaani Gor.

Tunaitwa mashemeji juu Waluo na Waluhya wameoana mpaka huwezi tenganisha. Shemeji yako mnaweza gombana mahari miaka kumi, lakini akifiwa unapanda gari ya usiku unaenda, unakaa kwa hema, unatoa mchango, halafu ugomvi mnarudia mkishazika. Mimi sijawahi hitaji Uingereza kunifunza hiyo.

NyarGor_Dandora
@Ingwe_wa_Zamani mzee wangu asante kwa hiyo skafu. Mimi ni Green Army, shabiki wa Gor, na sisi wenyewe mambo ya 2010 hatuyataji vile inafaa. Watu wanajua tarehe ya Hillsborough kwa kichwa lakini muulize kijana aliye jukwaani hao 7 ni akina nani atakuuliza "7 gani?" Ningependa derby ya karibu na Oktoba watu wanyamaze dakika moja, pande zote mbili, ngoma za isukuti na vuvuzela zote chini.

Na inawezekana, msiseme watu wetu hawawezi kunyamaza. 2008 City walienda Old Trafford wiki ya miaka 50 ya Munich, kila mtu anaogopa watu wa City watapiga kelele, wakanyamaza wote mpaka kipenga, halafu wakapiga United 2-1 hapo kwao. Utani haukufa, si ndio? Ulikuwa mtamu zaidi juu walishinda kwa mpira.

@Mtani_Halisi saba bila hakuna mtu ataifuta, mimi hucheka nayo pia. Hiyo ni wachezaji walioshindwa kazi wanalipwa. Mtoto wa miaka 10 ameenda kuangalia nusu fainali hajashindwa kitu.

Anfield_Kayole
Na kama kuna mtu anadhani ni mambo madogo, fainali ya FA Cup 2023 kuna jamaa alivaa jezi ya United iko na maandishi ya kufurahia wale 97. Alishikwa, faini pauni 1,000 na marufuku miaka 4 asikanyage mechi. Lakini mimi nakumbuka zaidi 2012, Bobby Charlton mwenyewe, aliyetoka hai Munich, akaingia Anfield akampatia Ian Rush, mchezaji wa zamani wa Liverpool, maua ya Hillsborough. Mzee aliyepoteza wenzake wanane.

Mtani_Halisi
Hiyo ya kuchimba kaburi imenifikia, mzee. Bado nasema usiweke sheria ndefu, watu watahama.

DamuNyekundu_Umoja
Asanteni sana. Nimefungua grupu saa hii na sheria ni moja, chomana na mtu kwa matokeo, kocha, kipa, pesa za usajili, vikombe, chochote, lakini waliokufa hawaguswi, wa klabu yoyote, na hii inashika Nyayo pia. Nimeweka jibu la mzee Ingwe hapo juu kabisa, natumai hutajali mzee. Kijana wa Liva amefuta stika mwenyewe na ameuliza hiyo ya Frank Swift ni kweli. Wale wawili wangu bado wako kimya, mmoja nimempigia hajashika, kesho nitapitia kwa duka yake.

@NyarGor_Dandora hiyo dakika moja ya Oktoba, naomba tuongee na viongozi wa matawi pande zote mapema. Mzee Ingwe unawajua wa kwenu?

Ingwe_wa_Zamani
Nawajua. Nitumie namba inbox, wa kwetu nitawapigia mimi.