Binti kapangiwa CBG, yeye anataka udaktari: aende Kidato cha Tano au chuo cha afya?

MamaMchele_Moro
Habari za jioni wadau. Naomba ushauri, hasa kwa walimu na watu wa afya.

Binti yangu kamaliza Kidato cha Nne, amepata Divisheni II ya pointi 18. Biolojia B, Jiografia B, Kiswahili B. Kemia, Fizikia, Kiingereza na Uraia zote C. Hesabu D, Historia D. Tangu yuko la tano anasema atakuwa daktari, na mimi namwamini. Bibi yake ana sukari, na mjukuu huyu ndiye anayempima kila asubuhi kwa kile kimashine cha kutoboa kidole. Anaandika namba kwenye daftari, na wakienda kliniki daktari analiomba hilo daftari kwanza.

Sasa TAMISEMI wamempangia mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), shule ya bweni mkoani Kigoma. Baba yake anasema aende, ada ya Kidato cha Tano na Sita serikali ilishaifuta 2022, tunakataaje? Fomu ya kujiunga ninayo hapa: godoro, ndoo, jembe lenye mpini, rimu ya karatasi, fagio la chelewa. Hivyo tunaviweza. Mdogo wangu naye ananiambia nimpeleke chuo akasome stashahada ya utabibu, miaka mitatu anatoka na kazi mkononi. Chuo binafsi nilichoulizia wanataka milioni moja na laki sita kwa mwaka, hosteli mbali. Mimi nauza mchele sokoni na nina wengine wawili nyuma yake. Kujibana naweza, ila nataka nijibane mahali panapostahili.

Mwl_Kemia
Dada yangu, kabla ya kubishana shule au chuo, tazama hiyo kombi. CBG haina Fizikia. MD, yaani shahada ya udaktari, kwa anayetoka form six inataka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu, kila moja isipungue D na jumla zifike pointi 6. Binti anaweza kupata A tatu kwenye CBG na bado asiruhusiwe hata kuomba. Nafundisha A-level, na karibu kila mwaka nampata mtoto anayelijua hili akiwa tayari yuko form six. Inaniuma sana, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Habari njema ni kwamba kwa C, C na B anaingia PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) bila shida. Mpigie mkuu wa shule, namba iko kwenye fomu. Muulize kama PCB ipo pale na kama nafasi bado zipo. Kama zipo, aripoti siku ya kwanza kabisa, aende moja kwa moja kwa mwalimu wa taaluma na matokeo yake. Wanaochelewa hukuta madarasa yamejaa. Hiyo D ya Hesabu isikutishe, PCB wanasoma BAM tu, yaani hesabu za msingi. Ila Fizikia ya kule juu ni nzito, hiyo C aanze kuifanyia kazi sasa hivi.

Tabibu_wa_Kijijini
Shikamoo mama. Mimi nilitoka Kidato cha Nne nikaenda chuo, nikafanya kazi zahanati, sasa nasoma MD.

Piga hesabu ya miaka. Form six miwili, MD mitano, intern mmoja: minane. Chuo mitatu, kisha mitano na mmoja: tisa. Kwa hiyo chuo hakimpotezei muda mwingi kama watu wanavyosema. Na kuna usiku mtoto aliletwa na degedege, niko mimi na nesi mmoja, gari la wagonjwa limeenda kwingine. Usiku ule ulinifundisha mambo ambayo wenzangu darasani leo wanayasoma kwenye slaidi.

Lakini sikufichi. GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 inakuruhusu kuomba MD, haikuhakikishii nafasi, maana waombaji ni wengi na wanachaguliwa kuanzia juu. Wapo matabibu wenzangu wanaosubiri ajira hadi leo. Halafu mwenye stashahada wanataka awe na angalau D za Kidato cha Nne katika masomo haya: Fizikia, Kemia, Biolojia, Hesabu, Kiingereza. Binti anazo zote, kwa hiyo njia hii haimfungi hata akiihitaji baadaye.

Mlipa_Ada
Mama, kama ni chuo, maombi ya kozi za afya yanapitia mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Hakikisha chuo kimesajiliwa kabla hujatoa hata shilingi, na aombe vyuo vya serikali kwanza. Mikopo ya stashahada ilianza 2023/24 kwa baadhi ya kozi tu, usiihesabu mpaka uone jina la kozi kwenye mwongozo wa Bodi ya Mikopo.

MamaMchele_Moro
Mungu awabariki. Hilo la Fizikia hatukulijua, si mimi wala baba yake.

Nimepiga simu leo. PCB ipo, nafasi ni chache, wamesema awahi. Nimemkalisha binti nikamsomea majibu yenu yote. Amesema anaenda Kigoma kwa PCB tu, na wakimkatalia anarudi tuombe chuo cha serikali. Baba yake kakubali.

Mwenye vitabu vya Fizikia na Kemia vya Kidato cha Tano vilivyotumika, niko Moro mjini, nitavifuata popote na nitalipa.